Spika za Tarumbeta Ulizonikataza Kusikiliza

Fundi Mchopa,

Shikamoo. Itikia basi. Huitikii. Kwa leo sikulaumu, maana hii ni wiki ya saba uko chini ya udongo wa Mnyambe, lakini nataka ujue nimeshagundua kwamba hata zile shikamoo zangu za asubuhi pale ofisini Masasi, ulizokuwa unazijibu kwa kunyanyua bisibisi bila kugeuka, nyingi hukuzisikia. Ulikuwa unaona kivuli changu mlangoni, unanyanyua bisibisi. Mimi nikawa najua hiyo ndiyo marahaba ya kifundi.

Nina hasira na wewe, mzee. Naanza na hilo usije ukadhani hii ni barua ya kulialia. Kulia nimeshalia, tena kwa sauti nzuri, watu wa Mnyambe ni mashahidi. Sasa nimekasirika. Na usinicheke mwandiko. Niliishia kidato cha pili lakini barua naijua, na ningefika cha nne ningekuandikia kwa Kiingereza ushindwe kujibu.

Ngoja nikupe habari za hapa kwanza, nisionekane sina adabu.

Ofisi ipo. Lile kufuli linalogoma bado linagoma, nalipiga teke kama ulivyokuwa ukilipiga wewe, linafunguka. Mama Tekla, mkeo, hajambo, amekonda kidogo lakini anakula. Wateja wanakuja. Juzi kijana mmoja wa bodaboda kaleta sabufa iliyochanika karatasi. Nikaiziba kwa gundi na kipande cha kanga, halafu nikaipaka mafuta ya maganda ya korosho kwa unyoya wa kuku, nyembamba, kutoka katikati kwenda nje, kama ulivyonionyesha. Masasi nzima, na mimi nasema Tanzania nzima, hakuna mwingine anayefanya hivyo. Karatasi ikishayanywa yale mafuta na kukauka, inaacha kupiga kelele zake yenyewe, inatoa za muziki tu. Siku ya kwanza uliniacha niyashike kwa mikono mitupu. Viganja vikabambuka ngozi kama nyoka, nikala ugali kwa kijiko wiki mbili. Ukasema, "Sasa glavu hutazisahau." Hapo sikukasirika. Uliniumiza ukiwa unanitazama usoni, na nilijua nini kimeniuma.

Hili lingine ndilo nimelijua umeshaondoka.

Unakumbuka Jumamosi zetu kwa Baba Glory? Swali gani hilo, utakumbuka tu, ndiyo sikukuu yako ilikuwa. Tunapanda gari mchana, tunapanda mlima mpaka Newala, tunamkuta yule Mchaga wako, bwana kilimo mstaafu aliyekuja kikazi akanogewa na mikorosho asirudi kwao, ameshafungua madirisha na kufukuza wajukuu sebuleni. Mtu anayependa sauti kuliko nyama choma, na kwa Mchaga hilo si jambo dogo. Wenzake walinunua mashamba, yeye akaagiza spika kutoka ng'ambo.

Zile ndefu kwanza. Minara miwili myeusi inayong'aa mpaka unaona meno yako, kila mmoja una wufa tatu, spika za besi, kifuani na tundu la kupumulia mgongoni. Besi yake ilikuwa ya bwana mkubwa. Inaingia taratibu, imeshiba, inakaa kwenye kochi kabla haijakaribishwa. Twita zake, zile ndogo za sauti za juu, tamu, hazina haraka na mtu. Ila ile besi ilikuwa inachelewa. Kidogo tu, kama mtu anayecheka wenzake wakishamaliza kucheka. Ngoma imeshapigwa, imekwisha, na lile tundu la mgongoni bado linahema.

Halafu zile bapa. Hizo, mzee, mimi mara ya kwanza nilidhani ni milango ya chooni imeng'olewa inasubiri fundi seremala. Hazina boksi, hazina karatasi. Ndani yake kuna nailoni nyembamba kuliko mfuko wa karanga, imetiwa umeme, inatetemeka yote kwa mara moja. Mwanamke akiimba humo unasikia ulimi unavyoachana na mate. Unasikia na ukuta uliokuwa nyuma yake siku anarekodiwa. Sogeza kiti hatua moja kushoto, huyo, kaondoka, hayupo tena. Na ukiweka ngoma ndiyo aibu kabisa. Na mwezi wa saba ukungu wa Newala ukiingia dirishani zinatatarika kama bisi.

Na sisi tulikuwa tunabeba vile visanduku vyako viwili vya mbao, vilivyozibwa kila upande, ili Baba Glory asiringe peke yake. Besi yao fupi, kavu, haifiki mbali. Lakini hawaongopi wale. Kilichopo kwenye muziki wanakisema, kisichokuwepo hawakuongezei.

Sasa kumbuka tulivyokuwa tunakaa. Mimi kiti cha katikati, mbele ya spika, kama bwana harusi. Wewe unaweka kigoda chako kule kule kwenye spika, unazipa mgongo, unanitazama mimi. Baba Glory akakuuliza siku moja mbona husikilizi ukiwa umezielekea. Ukamjibu, "Spika haina uso, Baba Glory. Nitazame nini?" Yule mzee alishangaa hekima hiyo mpaka akamsimulia mkewe jikoni. Na mimi nikavimba kichwa. Nikajua unanitazama kwa sababu unanipima kama najifunza.

Siku ile aliweka ngoma kwenye zile bapa, mimi nikakunja uso. Ukageuka hapo hapo ukamwambia, "Waimbaji wako hai, ngoma zimekufa." Akajipiga paja. "Fundi, una masikio wewe!" Njiani kurudi ukaniuliza, kama mtu asiyejali, ile ngoma niliisikiaje. Nikasema kama mtu anayepiga bahasha kwa kidole. Ukanicheka gari zima likageuka. "Bahasha! Masikio ya mbao wewe. Utakuja kutengeneza pasi za umeme, spika huziwezi." Jumamosi iliyofuata tumeketi, chai haijamiminwa, ukamwambia Baba Glory, "Nimefikiri sana juu ya hizi bapa zako. Ngoma zinapiga bahasha." Nikakutazama. Wewe ukatazama nje, kwenye kuku.

Nikasema moyoni labda mafundi wakubwa ndivyo walivyo, wanaokota neno la mwanafunzi, wanalivalisha suruali ndefu, linakuwa lao. Sikuona vibaya. Nilikuwa nasema, subiri, na mimi nitakuwa na wangu wa kumwokotea maneno.

Ndipo ukaanza zile za tarumbeta. Ukamwambia Baba Glory, "Nitatengeneza za kwangu, nitaweka jozi zako mbili na yangu moja pale kanisani kwetu Mnyambe, watu wasikilize. Zikishinda, hizo spika nalipatia kanisa liwe nazo. Zikishindwa, nafunga ofisi." Baba Glory akakupa mkono. Misimu miwili ya korosho ulikuwa unazichonga. Mbao za mninga, vipande vyembamba vimebandikwa kimoja kimoja, koo jembamba kwa ndani halafu linafunguka, linafunguka, mpaka mdomo unamtosha mtoto kukaa. Nimeona vitu vizuri, mzee, nimefika mpaka Mtwara, lakini vile sijaona. Na ukazifunika blanketi. "Hizi usiguse. Nazimaliza mwenyewe. Utazisikia siku wanayozisikia wengine."

Mimi nani? Mimi mjinga. Nikadhani unaniandalia jambo. Nikawaambia vijana wa stendi, subirini, Fundi ananifanyia zawadi, anataka nizisikie mara ya kwanza zikiwa kamili, maana anajua masikio yangu hayapumbazwi na kitu nusu nusu.

Halafu presha ikakulaza.

Hapa ningependa kuruka. Nitaandika tu.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, mchana. Mama Tekla katoka kwenda bombani kusuuza bakuli la uji. Nikaona ndiyo nafasi. Wewe unaijua sauti yangu, nikiita konda sokoni anageuka wa stendi. Siku ile ikatoka ndogo, sijui ilikwenda wapi. Nikasimama kushoto kwako, nikainama, nikasema, "Fundi, ukipona au usipopona, mimi nijiite fundi?"

Ukatikisa kichwa kukubali. Mara mbili, ukafumba macho.

Alfajiri ukaondoka.

Ule mtikiso wa kichwa, mzee, niliutoa mle wodini kama mtu aliyetoka na cheti. Sikuwa na kingine. Shule sina, ukoo si wa kwako, mimi Mmakua wa Lisekese, wewe Mmakonde wa Mnyambe, hatuna damu hata tone. Lakini uliniambia ndiyo. Mtu akiniuliza nani kakuruhusu kubaki na ofisi ya Mchopa, nasema mwenyewe, kwa kichwa chake, mara mbili. Niliyasema hayo stendi, nikayasema kwenye daftari la rambirambi, nikamwambia mpaka askari wa usalama barabarani ambaye hakuniuliza.

Na kwenye mazishi nikafanya kazi yangu ya mtani. Nilivaa koti lako, nikaweka miwani yako puani, nikazunguka kaburi na bisibisi nikiwagonga wachimbaji vichwa na kusema, "Huyu sauti ya boksi tupu, huyu besi inachelewa." Nilizuia jeneza lisishushwe mpaka unirudishie glavu zangu. Watu walicheka huku wanalia, hata Mama Tekla. Ilinoga. Ungekuwepo ungesema nimezidisha.

Tukakubaliana arobaini yako ndiyo iwe siku ya zile spika. Baba Glory mwenyewe ndiye aliyeshikilia. "Tulipeana mkono," anasema, "na mkono wa marehemu hauwezi kurudishwa."

Basi Ijumaa, siku moja kabla, asubuhi, nikafungua blanketi ofisini ili nizijaribu kabla hazijapakiwa kwenye gari. Nikaunga nyaya. Nikaweka ile kwaya ya akina mama wa kanisani kwenu niliyoirekodi mwenyewe. Nikakaa. Nikajifuta uso, nikasema, haya Mchopa, nipe.

Mama yangu.

Mwanzo nilidhani waya umegusana. Chini huku, kwenye sauti nene, palikuwa pazuri, sikatai, sauti zilitoka zikaja mpaka kwenye magoti, hai, kama mtu kakushika kola ya shati anakusimulia. Minara ya Baba Glory ingeonekana imelala. Lakini juu! Kila mama akisema neno, mwisho wa neno unakuja na wembe. Kayamba zilikuwa kama mtu anakwangua sufuria ya aluminiamu ndani ya sikio langu. Meno yaliniuma, si uongo. Fundi wa simu wa jirani akachungulia, "Shaibu, unachinja nini humo?"

Nikazima, nikafungua nyuma. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tarumbeta ina sauti kubwa kuliko wufa kwa asili yake, lazima uitilie rezista uipunguze, la sivyo inafoka. Mwanafunzi wa wiki moja analijua. Nikaangalia, rezista hakuna, waya umekwenda moja kwa moja. Nikasema masikini, mzee alikuwa anaumwa, kasahau. Nikachukua pasi ya kulehemu nikusaidie. Ndipo nikaona pale kwenye risasi ya kulehemu. Palikuwa na alama. Rezista iliwekwa, ikatolewa. Ikawekwa kubwa, ikatolewa, ikawekwa ndogo, ikatolewa. Na zote tatu ulikuwa umezifunga kwa uzi na kuzibandika ukutani mwa boksi, kwa ndani, kama vitu ambavyo mtu amevifikiria vizuri akaona havifai.

Hukusahau. Ulisikiliza, ukatoa. Ukasikiliza tena, ukatoa tena, mpaka zikawa hivyo, ukaridhika.

Nikakaa chini, mzee, sakafuni, kwenye vumbi la mbao zako. Mtu anayesikia ninachosikia mimi hawezi kuridhika na kile kitu. Hawezi hata dakika. Anayeridhika nacho ni mtu ambaye zile sauti za juu hazimfikii, mpaka zipigwe rungu.

Halafu mambo yakaanza kuja yenyewe, moja linamvuta mwenzake. Simu yako isiyoita, iliyokaa mezani inatikisika ili uione. Ile betri ya akiba ya umeme iliyolia piii siku mbili nzima nilipokwenda nyumbani Lisekese, nikarudi nakuta wewe umekaa pembeni yake unakunywa chai, ukaniambia umeizoea. Vijana wanakuja kusema spika inakwaruza juu, unawaambia, "Mpe Shaibu aisikilize, na mimi nimtazame kama anaelewa." Kigoda chako. Mgongo wako kwa spika, macho yako kwenye uso wangu.

Ulikuwa hunipimi. Ulikuwa unanisoma.

Miaka sita, Mchopa. Kila hukumu uliyowahi kuitoa juu ya sauti, Masasi na Newala, ilipita kwanza hapa usoni pangu. Nikikunja pua, wewe unasema "inachoma". Nikitikisa goti, unasema "ina uhai". Watu wanakupa mikono, mimi nafungasha nyaya. Na njiani unaniambia nina masikio ya mbao. Sikatai kwamba ulizeeka. Ulisimama mbele ya maspika ya disko ujana wako wote, ulinisimulia mwenyewe, yangebaki masikio gani. Hilo si kosa. Lakini ungeniambia. Ungenivuta pembeni ukasema, "Shaibu, mimi juu huko sisikii tena, nisaidie." Ningeringa, najua, ningeringa mwezi mzima. Halafu ningekupa masikio yote mawili uyatumie utakavyo. Wewe ukaona bora uyachukue bila kuomba, na mwenye nayo umwambie ni mabovu ili asije akayaamini.

Na pale sakafuni ndipo nikakumbuka wodini. Sauti yangu ndogo. Na jibu lako la kichwa.

Sitaandika nilivyojisikia.

Jumamosi tukapanda Mnyambe. Rezista nilikuwa nazo mfukoni, na pasi nilikuwa nayo kwenye begi, kazi ya dakika kumi. Sikuzitia. Nakuambia ukweli wangu na mimi, kwa sababu mmoja wetu inabidi aanze. Nilisema acha zifoke. Acha wakusikie jinsi ulivyokuwa husikii.

Ibada ikaisha, tukapanga mle mle kanisani, spika zote nyuma ya pazia ili watu wasidanganywe na macho. Wazee mabenchi ya mbele, vijana nyuma, mimi na kanzu yangu pembeni kwenye mashine. Nikaweka ile kwaya. Minara ikaimba, watu wakasema nzuri, ina uzito. Zile bapa zikaimba, waliokaa katikati wakasema mama fulani kama yuko hapa hapa, waliokaa pembeni wakauliza kama zimewashwa. Kisha zako.

Nyuma vijana wakaziba masikio. Binti mmoja akasema, "Yesu wangu," na hakuwa anasali. Nikasema ndiyo hiyo, Mchopa, umevuliwa nguo.

Halafu nikaona mabenchi ya mbele.

Wale wazee walikuwa wameinuka kidogo, wote, kama watu wanaotaka kusimama. Babu mmoja mwenye fimbo akaweka mkono nyuma ya sikio halafu akautoa, hakuuhitaji. Bibi mmoja akamshika mwenzake goti, "Wanasema maneno! Unasikia? Wanasema maneno yote!" Babu akanigeukia, "Njomba, mimi miaka na miaka humu kanisani nasikia padri anavuma tu kama nyuki kwenye mtungi. Leo nimesikia mpaka mwisho wa neno. Rudia." Nikarudia. Na Baba Glory, mzee wangu, Baba Glory mwenye minara na milango ya chooni, bwana wa sauti, alikuwa ameegemea mbele kama wao, mdomo wazi. "Uwazi huu," anasema, "uwazi huu sijawahi kuupata nyumbani kwangu." Kumbe naye! Nyinyi wawili mlikuwa mnabishana kila Jumamosi juu ya sauti ambazo aliyekuwa anazisikia mle ndani ni mimi peke yangu.

Zikashinda. Vijana wakasema hapana, wazee wakasema ndiyo, na pale Mnyambe unajua kura ya nani inahesabiwa. Padri akafurahi, akaniita mbele. Akasema hebu mwanafunzi wake atuambie, Fundi alijuaje jinsi wazee wetu wanavyosikia?

Nikasimama. Mama Tekla yuko benchi la kwanza, kanga nyeusi. Nikasema. Sikupanga, lilitoka tu. Nikasema, "Fundi Mchopa alikuwa hasikii. Miaka mingi. Aliyekuwa anasikia ni mimi. Kila alichowaambia juu ya spika, nilikisikia mimi."

Wakatazamana. Halafu kanisa likaanguka kwa kicheko.

Walicheka, mzee! Walipiga mabenchi. "Mtani huyo!" "Hata arobaini haachi!" "Amekuja kumrithi na masikio!" Babu wa fimbo akanirushia sarafu kama wanavyomtunza mtani aliyenoga. Nikasema jamani nasema kweli, wakazidi. Nikaapa, wakashika mbavu. Baba Glory akafuta machozi akasema, "Shaibu, majivuno yako yatakuua." Siku arobaini kabla nilivaa koti lako nikawachekesha kaburini, na maisha yangu yote nimejisifu stendi kwa mambo yasiyokuwepo. Siku nimeleta ukweli, hakuna wa kuupokea. Hilo nalo nakuwekea wewe nusu. Nusu ni langu.

Mtu mmoja hakucheka. Mkeo.

Alinifuata nje, kwenye kivuli cha ukuta, nilipokuwa nakunja nyaya. Akasema, "Mwanangu Shaibu, mimi nilijua. Alinikataza." Hivyo tu. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu kabla yangu, sikio la kushoto lilikufa kwanza, la kulia likafuata pole pole. Akasema, "Alikuwa anaogopa ukijua utaondoka ukafungue yako." Nikamwambia na yeye amenisaliti. Akasema ndiyo. Hakubisha, na mtu asipobisha unakosa pa kushika.

Nikamwuliza lile nililokuwa naliogopa. Nikamsimulia la wodini, kusimama kwangu kushoto, kutikisa kwako kichwa.

Akanishikia ncha ya waya. Akasema aliporudi na bakuli, mimi nimeshatoka, ulifungua macho ukamwuliza, "Shaibu kasema nini?" Akasema hajui, alikuwa bombani, labda ameaga tu. Ukasema, "Hapana, lilikuwa swali. Nilimwona usoni." Kisha ukasema, "Kesho akija nitamwambia arudie."

Kesho yako haikuwepo.

Nimeligeuza hilo neno wiki nzima. Kuniambia nirudie maana yake ungesema hukusikia. Ungesema siri yako yote kwa neno moja. Labda ungesema kweli, labda ungetikisa kichwa tena, kwa jinsi ninavyokujua ningeweka dau upande wowote. Na mimi cheti sina. Kile nilichowaonyesha watu wote kilikuwa ni mzee asiyesikia anayemwondolea kijana wasiwasi.

Kwa hiyo nimeacha kusema uliniruhusu. Watu wa stendi wananiuliza nimeugua nini, mbona sijisifu. Nawaambia nimebaki na ofisi kwa sababu naijua kazi, mwenye spika alete nisikilize, akiona uongo aondoke nayo. Padri ameagiza jozi nyingine kwa ajili ya mabenchi ya nyuma, zisizofoka. Nimezianza. Nimekata mninga, nimechonga koo kama lako, na rezista nimezitia ninavyosikia mimi. Zile za mbele sikuzigusa. Zitabaki ulivyozitaka, wazee wanazipenda, na wewe ulikuwa mzee mwenzao.

Ahadi yangu ni hii, na ninaiandika ili isifutike. Siku masikio yangu yatakapoanza kunikimbia, na yatanikimbia, mtu wa kwanza kuambiwa ni yule nitakayekuwa namfundisha kazi. Kabla ya mke, kabla ya daktari. Nitamwambia kwa mdomo wangu, mchana, sehemu yenye watu. Na akinisikilizia, nitasema kasikia yeye, kwa jina lake.

Sijakusamehe, Fundi. Siku nikikusamehe nitakuja mwenyewe Mnyambe nikuambie, na sitanong'ona. Lala salama mzee wangu, mwizi wangu wa masikio. Mama Tekla nitamtazama, hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Mimi Shaibu, fundi. Safari hii sikukuuliza.